Subira ya mgonjwa si kunyamazia maumivu

SIFA zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu kwa mpangilio ulio bora na akaujaalia mwili kuwa amana mikononi mwa mwenyewe. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, maudhui yetu ya Ijumaa ya leo yanahusu jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa sauti ya chini. Nalo ni maumivu ya paja yanayobaki kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kuwekewa nyonga ya bandia. Yumkini msomaji akauliza: hilo si jambo la daktari, sheikh analitafutia nini? Jibu ni kuwa mgonjwa huyu hakai hospitalini. Anakaa nasi nyumbani, na maneno anayoambiwa humo ndani aghlabu ni maneno ya dini, tena dini iliyofahamika nusu. Huambiwa asubiri. Huambiwa ashukuru, kwani wapo waliokosa hata nauli ya kufika hospitali. Huambiwa kuwa fedha nyingi zimekwisha kutumika, na chuma kimekwisha kuwekwa, sasa analalamikia nini? Mwisho wake mgonjwa hunyamaza, na jamaa zake wakakiita kimya kile subira.

Sisi tunasema kuwa hilo ni kosa katika dini, na ni hatari katika mwili.

Tulifahamu kwanza jambo lenyewe. Nyonga ni kiungo ambamo kichwa cha mfupa wa paja, kilicho cha mviringo mfano wa tufe, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiunoni. Kiungo hiki huharibika kwa sababu nyingi. Wapo ambao gegedu lao limesagika kwa umri. Wapo wazee walioanguka wakavunjika shingo ya mfupa wa paja. Na katika nchi zetu za Afrika Mashariki wapo vijana wenye maradhi ya seli mundu, ambao kichwa cha mfupa hufa kwa kukosa damu, wakajikuta wanahitaji nyonga mpya kabla ya wazazi wao. Daktari hukiondoa kichwa kilichoharibika, akaweka kikombe kipya na tufe jipya lililoshikwa na mhimili wa chuma, na mhimili huo huingizwa ndani ya uwazi wa mfupa wa paja.

Upasuaji huu, kwa sura tunayoijua leo, ulifanikiwa mikononi mwa Sir John Charnley katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza mwaka 1962. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makala iliyouita upasuaji wa karne, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu umewainua watu wengi waliokuwa hawainuki. Hapa Tanzania unafanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, na wapo ndugu zetu waliosafiri hadi India kuufuata.

Pamoja na mafanikio hayo, si kila aliyefanyiwa huondokewa na maumivu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la BMJ Open ulionesha kuwa katika kila wagonjwa 100 waliobadilishiwa nyonga, baina ya 7 na 23 walibaki na maumivu ya muda mrefu yasiyoridhisha. Basi mama anayesema kuwa paja bado linamuuma hakuzua kitu, wala hajikwezi kwa kutaka kuhudumiwa. Yumo katika kundi linalojulikana na matabibu wa dunia nzima.

Kwa nini paja, ilhali kilichobadilishwa ni nyonga? Hebu tufikirie mpini wa jembe. Mpini ukikaa barabara, nguvu ya mkulima hupita moja kwa moja hadi kwenye chuma. Ukilegea hata kidogo, kila pigo huurudishia mkono mtikisiko. Mhimili wa nyonga ya bandia nao hushikwa kwa njia mbili. Ama hugandishwa kwa saruji maalumu ya mfupa, ama hukazwa bila ya saruji na kuachiwa mfupa wenyewe uote na kuushika. Njia hii ya pili huhitaji miezi, na katika kipindi hicho mgonjwa anaweza kuhisi maumivu katikati ya paja, mahali inapoishia ncha ya mhimili. Aidha mfupa hupinda kidogo mtu anapokanyaga, ilhali chuma ni kigumu zaidi kuliko mfupa. Basi pale penye ncha uzito hupokewa kwa ghafla. Kwa wengi maumivu ya namna hii hupungua ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili.

Lakini zipo sababu nyingine, na hapa ndipo kunyamaza kunapogeuka kuwa hatari. Mhimili unaweza kulegea. Mfupa unaouzunguka unaweza kupata ufa. Vijidudu vinaweza kuingia kwenye kiungo, ama wakati wa upasuaji, ama baada ya miaka kwa njia ya damu, kutoka kwenye jino bovu au kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari. Pia maumivu yanaweza yasitoke kwenye nyonga kabisa, yakatoka kwenye mishipa ya fahamu iliyobanwa mgongoni.

Kila moja katika sababu hizi ina lugha yake, na mgonjwa aliyezoeshwa kusema "hujambo, namshukuru Mungu" hataisema lugha hiyo. Maumivu ya paja yanayochoma katika hatua za mwanzo, mtu anapoinuka kitini, kisha yakapoa akitembea kidogo, humfanya daktari ashuku kulegea kwa mhimili. Maumivu yanayokaa hata mtu amelala, usiku kucha, humfanya ashuku vijidudu. Maumivu ya kinena huelekeza zaidi kwenye kikombe. Yanayoshuka kutoka mgongoni hadi chini ya goti pamoja na ganzi huelekeza kwenye uti wa mgongo. Na maumivu mapya kwa mtu aliyekwisha kukaa miaka akiwa mzima hayafai kupuuzwa hata kwa mwezi mmoja.

Sasa tuirejee dini, maana hapo ndipo penye hoja yetu. Wapo wanaodhani kuwa kutaja maumivu kunapunguza daraja ya subira. Nabii Ayyub (A.S.) alimweleza Mola wake kwamba amepatwa na dhara, na juu ya hayo Allah (S.W.) alimsifu kuwa ni mwenye kusubiri. Bibi Aisha (R.A.) alilalamika kuumwa kichwa mbele ya Mtume (S.A.W.), naye hakumkemea, alimjibu kuwa yeye pia kichwa kinamuuma. Wanazuoni wetu wakafafanua kuwa kinachopingana na subira ni kuchukia kadari ya Mola na kumlaumu. Ama kumweleza tabibu mahali panapouma, na lini, na kiasi gani, hiyo ni sehemu ya matibabu, na matibabu yameamrishwa. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute dawa, aliwaambia wajitibu, na akawabainishia kuwa hakuna maradhi ila yamewekewa dawa, isipokuwa uzee.

Lakini dalili iliyo karibu zaidi na kadhia yetu ni ya Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.). Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kuwa pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya, akajitengenezea pua ya fedha. Kifaa kile kikamletea uvundo. Je, aliambiwa ashukuru kwa kuwa ana pua, ilhali wengine hawana? Hakuambiwa hivyo. Mtume (S.A.W.) alimuamuru aiondoe na ajiwekee pua ya dhahabu, na sote tunajua kuwa dhahabu kwa wanaume asili yake ni haramu. Tuitafakari habari hii. Kiungo cha bandia kilimdhuru mwenyewe, naye akasikilizwa. Dhara yake ikatafutiwa ufumbuzi, hata pale ufumbuzi ulipohitaji kuruhusiwa kwa kilichokatazwa. Basi ni kwa hoja gani sisi tunamfungia mlango mgonjwa wa nyonga, asirudi hata kwa daktari wake?

Kwa mnasaba huu, mgonjwa na familia yake wanapaswa kufanya mambo kadhaa.

La kwanza ni kuandika. Kijana mmoja wa nyumbani achukue daftari, aandike maumivu yanakuja saa ngapi, yako wapi, yanaongezwa na nini na yanapozwa na nini. Daktari mwenye foleni ndefu atanufaika zaidi na ukurasa mmoja wa maelezo hayo kuliko na neno "linauma" lililosemwa mara kumi.

La pili ni kuhifadhi nyaraka. Picha za eksirei za baada ya upasuaji zisipotee, kwani daktari hulinganisha picha ya leo na ya zamani ili aone kama mhimili umesogea. Aliyefanyiwa nje ya nchi aombe karatasi inayotaja aina na ukubwa wa kifaa alichowekewa. Karatasi hiyo ni ndogo, lakini ikikosekana siku ya haja huwa taabu kubwa.

La tatu ni kutokimbilia duka la dawa kununua dawa za kuua vijidudu. Daktari akishuku uambukizo hupima damu, na pengine huvuta maji ya kiungo kwa sindano ili avitambue vijidudu vyenyewe. Aliyekwisha kumeza dawa hizo kiholela anaweza kuvificha visionekane, maradhi yakaendelea kula mfupa kimyakimya.

La nne ni kujihadhari na mikono isiyojua. Wapo wanaompeleka mgonjwa kwa mkandaji akamnyonga mguu, wapo wanaomchanja juu ya kovu, na wapo wanaodai kuwa jini ameingia kwenye chuma. Kisomo cha Qur'ani kwa mgonjwa ni baraka, nasi tunakihimiza. Lakini kuupinda kwa nguvu mguu wenye nyonga ya bandia kunaweza kulichomoa tufe kwenye kikombe chake, na jeraha lililofunguliwa kwa wembe ni mlango wa vijidudu. Anayesoma na asome, na mguu auache.

La tano ni dawa za maumivu. Parasetamoli, kwa kiwango kilichoandikwa na bila ya kuzidisha, ndiyo ambayo wengi huanza nayo. Diklofenaki na ibuprofeni zikiliwa kila siku kwa miezi zinaweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Tusiwanunulie wazazi wetu vidonge hivi kama tunavyonunua peremende.

La sita ni mwendo. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa pili wa mguu unaouma. Aliyefanyiwa mguu wa kulia ashike kwa kushoto. Apandapo ngazi atangulize mguu mzima, ashukapo atangulize mguu unaouma. Atembee kidogo kidogo mara nyingi badala ya safari moja ndefu, na ayafanye mazoezi aliyoelekezwa ya misuli ya ubavuni mwa nyonga. Uzito wa mwili ukipungua, paja nalo hupumua.

Hayo ni ya kuishi na maumivu wakati sababu inatafutwa. Lakini zipo dalili ambazo haziruhusu kungoja kesho: homa pamoja na kovu kuwa jekundu au kutoa usaha; kushindwa ghafla kukanyaga; mguu kuwa mfupi au kugeuka baada ya kuanguka; kigimbi kuvimba na kuuma, au kifua kubana na pumzi kukatika. Haya ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Na kwa upande wa pili, tumnasihi mgonjwa asiwe na pupa ya kufanyiwa upasuaji wa mara ya pili. Sababu ikijulikana, mathalani mhimili umelegea, upasuaji wa kurekebisha huweza kumpa nafuu kubwa. Lakini upasuaji wa kurudia unaofanywa ilhali sababu ya maumivu haijapatikana matokeo yake aghlabu si mazuri. Hapo ndipo subira ya kweli inapohitajika: kungoja vipimo, kurudi kliniki kwa tarehe iliyopangwa, kufanya mazoezi hata siku isiyo na hamu. Subira ya namna hii ina miguu, haikai tu.

Tugusie pia ibada, kwa kuwa ndiko mgonjwa anakoumia moyo zaidi. Katika wiki za mwanzo madaktari wengi humkataza aliyefanyiwa asikunje nyonga kupita pembe mraba, asikunje nne, na asikae chini kabisa. Maana yake ni kuwa sijida ya sakafuni na kikao cha tahiyatu vinasimama kwa muda, na siku ya kuvirejea aulizwe daktari. Imran bin Husayn (R.A.) aliyekuwa na maradhi alielekezwa na Mtume (S.A.W.) aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, akishindwa aswali kwa ubavu, habari hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, anayeweza kusimama asimame, na anayeweza kurukuu arukuu, kisha akae kitini na kuashiria sijida kwa kuinama zaidi kuliko alivyoinama katika rukuu. Akiwa kusimama kwenyewe kunamletea maumivu makali, au kunachelewesha kupona, au anachelea kuanguka, basi na akae. Ashindwaye kufika msikitini kwa maumivu ana udhuru hata wa swala ya Ijumaa, na ataswali Adhuhuri nyumbani.

Udhu nao usiwe mtihani. Awekewe kiti kirefu, na mtoto wake amsaidie kuosha miguu. Kusaidiwa kunafaa, na kwa mtoto ni fursa ya pepo. Wala mgonjwa asidhani kuwa amepungukiwa. Mtume (S.A.W.) ametubashiria kuwa mja akiugua huandikiwa amali alizokuwa akizifanya katika uzima wake.

Neno jingine ni kwetu sisi jamaa na majirani. Katika misiba na khitma zetu watu hukaa mkekani. Mama mwenye nyonga ya bandia akiomba kiti, husikika minong'ono kuwa anajitukuza. Hatimaye huacha kuhudhuria, upweke ukaongezeka juu ya maumivu. Kiti kimoja kilichotengwa mapema bila ya kuombwa kinaweza kumrudisha katika jamii yake. Hali kadhalika choo cha kuchuchumaa, kitanda cha chini na zulia linaloteleza ni mambo ya kurekebisha kabla mgonjwa hajatoka hospitalini.

Na kwa matabibu wetu tunasema kwa heshima: kazi yenu ni amana kubwa, na tunajua wingi wa wagonjwa mnaowahudumia. Lakini mgonjwa aambiwe kabla ya kisu kuwa maumivu ya paja yanaweza kubaki, kwa muda gani, na arudi lini akiyaona. Na asiambiwe kwamba picha yake ni nzuri kisha akaruhusiwa kwenda, kana kwamba anayeumwa ni picha.

Ndugu msomaji, jioni ya leo kaa karibu na mzazi au jamaa yako aliyefanyiwa upasuaji huu. Usimuulize kama hajambo, kwa sababu atasema hajambo. Muulize paja linamuuma wakati gani, kisha mngoje amalize kusema.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape wauguzaji wao moyo wa huruma na madaktari wao elimu yenye manufaa, na ayafanye maumivu yao kuwa kafara ya madhambi yao. Wabillahi tawfiq.